Yadi Mbili, Vidole Viwili

Ijumaa iliyopita nilimkabidhi mkasi binti aliyechukua nafasi yangu, nikakunja aproni, nikatoka kwa mlango wa mbele kama mteja. Waliniandalia soda na keki. Bosi wa sasa, ambaye alilinunua duka juzijuzi tu, alisimama akatoa hotuba. Akasema Mama Tusa, yaani mimi, hakuwahi kugombana na mtu miaka yote ya kazi. Niliendelea kutafuna keki. Nimegombana na watu wengi sana, wengine bila sababu ya maana, na siku moja iliyohitaji ugomvi kuliko zote nilikaa kimya. Wasichana wa kaunta mliniomba niwaandikie uzoefu wangu. Basi ndio huu, na mkiona naandika kwa hasira, ni kweli nina hasira, na haijapoa.

Niliingia duka la vitambaa la Bwana Mbaraka pale Tukuyu miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na foleni zilipokuwa zinaanza kusahaulika. Ninyi hamzijui foleni za nguo. Kabla ya hapo nguo haikununuliwa, iligawiwa. Unakwenda kwa balozi wa nyumba kumi anakuandika jina, unasubiri, na siku ikifika unapewa kilichopo na unashukuru. Mwaka mmoja mama yangu alirudi na khaki ya suruali, na nyumbani kwetu hakukuwa na mwanaume hata mmoja. Tulivaa khaki wote, mpaka bibi. Kwa hiyo magari yalipoanza kupanda kutoka mpakani Kasumulu yamejaa majora ya kila rangi, na mtu yeyote akaruhusiwa kuingia dukani akachagua, mimi niliona kama Mungu ametukumbuka. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonifanya nichukie zaidi yaliyofuata.

Siku ya kwanza sikushika mkasi. Nilipewa kitambaa kikavu nifute mikono ya wateja. Mvua yetu mnaijua, watu wanaingia wanachuruzika, na kidole kimoja chenye maji kwenye satini kinaacha alama isiyotoka. Aliyenipa kazi hiyo ni Mzee Hamisi, mkata vitambaa mkuu, ambaye alikuwa dukani tangu enzi za baba yake Bwana Mbaraka. Alikuwa mzee mwembamba wa mtaa wa Bulyaga, kofia yake safi siku zote, macho yameanza kuingia ukungu. Alinifundisha kuweka vikapu vya mkaa chini ya rafu ili majora yasishike unyevu. Alinifundisha kulaza kitambaa mezani bila kukivuta, kwa sababu ukikivuta unapopima, kinarudi kikifika nyumbani kwa mteja, na mteja naye anarudi kwako na mdomo wake. Wiki mbili nilifuta mikono na kutandika vitambaa. Wiki ya tatu akanipa mkasi.

"Haya, Tusekile," akasema, "leo tunachana bafta."

Bafta mnaijua, ile nyeupe nyepesi ya pamba. Huku kwetu ni nguo ya kumsitiri marehemu, na ndiyo inayochanwa vipande vya kufungwa wafiwa kichwani au kiunoni, ili anayeingia msibani ajue wa kumpa pole ni nani. Mzee Hamisi alikuwa mkali juu ya bafta kuliko kitambaa chochote. Bafta haikatwi mpaka mwisho. Unaitia mkasi pembeni kidogo, urefu wa ukucha, unaweka mkasi chini, unashika huku na huku, unavuta mara moja bila kusita. Inapasuka ikifuata uzi wake, imenyooka. Ukiikata inakwenda mshazari, na Mzee Hamisi alisema nguo ya mwisho ya mtu haitakiwi kwenda mshazari, na maisha yenyewe yameshakwenda hivyo. Ule mlio wa bafta kuchanika ulikuwa ukisikika dukani, hata walevi walinyamaza.

Jambo jingine alilonifundisha ni vidole. Siku ya soko dukani huwezi kusikia kitu. Mvua inapiga bati, watu wamejaa mpaka mlangoni, kila mmoja anaita, na nusu ya wazee waliotoka vijijini Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji. Mimi Kinyakyusa ni changu, lakini Mzee Hamisi alikuwa mtu wa asili ya pwani, na alikuwa amewahudumia wazee hao kabla sijazaliwa. "Usisikilize mdomo," aliniambia, "tazama mkono." Kidole kimoja ni yadi moja. Viwili ni yadi mbili. Kidole kilichokunjwa ni nusu yadi. Ngumi ni jora zima, na ngumi niliiona mara moja tu, harusi ya watu wenye mashamba ya chai. Mtu ananyooshea kidole kitambaa anachokitaka, kisha anainua mkono juu ya vichwa vya wenzake, tumeelewana. Mabibi wasiojua neno moja la Kiswahili walinunua kwetu miaka na miaka bila kudhulumiwa hata inchi. Nilijivunia vidole vile kama mwalimu anavyojivunia chaki.

Halafu vikaja vyama vingi. Majina ya vyama sitayataja, vyote vina wateja wangu. Nitasema tu kwamba watu wa mageuzi walipopita na magari yao walikuwa wakinyoosha vidole viwili, na watu wakaitikia kwa vidole viwili, na kabla ya mwezi kwisha kila mtu mjini alikuwa anatazama mikono ya mwenzake. Bwana Mbaraka alikuwa mtu wa chama cha zamani, na alikuwa na sababu zake. Leseni yake, magari yake mpakani, kila mhuri aliouhitaji ulikuwa mikononi mwa watu aliowajua. Akatundika bendera mlangoni. Hiyo sikujali, mlango ni wake. Akaleta vitenge vya chama akavijaza rafu ya mbele. Hiyo nayo sikujali, anayetaka atanunua, asiyetaka atapita aende kwenye batiki.

Kisha asubuhi moja tukakuta kibao juu ya kaunta. Alikiandika yule fundi aliyekuwa akiandika majina kwenye mabasi, kwa rangi nyekundu: HAPA VIDOLE VIWILI HATUHUDUMII.

Nataka mnielewe. Bwana Mbaraka hakuwa mtu mbaya. Nimemwona akitoa sanda bure kwa watu ambao hawakuwa hata wa dini yake. Nilipojifungua Tusajigwe alinitumia kanga nne na kuku. Ndicho kinachoniudhi. Mtu mbaya ungemtegemea afanye hivyo, ukajipanga. Huyu alikuwa mtu mwema aliyeamua kwamba wema wake una chama.

Ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tano hivi, kijana mmoja aitwaye Ezekia alikuwa amefungua duka la vitambaa kama letu. Alikuja na ruksa, mwepesi wa maneno, shati limechomekwa. Yeye alikuwa wa mageuzi. Haikupita siku tatu naye akatundika kibao chake: NYOOSHA VIWILI UHUDUMIWE.

Tulicheka. Naandika hili kwa aibu, lakini tulicheka wiki nzima. Mwalimu mmoja mstaafu aliingia kwetu akanunua yadi moja, akatoka, akazunguka nguzo ya umeme, akarudi akanunua yadi nyingine moja, kisha akaniuliza kwa upole kama naweza kumuungia. Wengine walionyesha vitatu halafu wakaanza kubishana kushuka. Kwa Ezekia, aliyetaka yadi tano alipaswa kunyoosha viwili kwanza, kama kubisha hodi, halafu ndipo anyooshe vitano. Watu wa mjini waliigeuza kuwa mchezo. Walijua kusoma, walijua kusema, walijua mchezo wenyewe unahusu nini.

Mzee Hamisi peke yake hakucheka. Alimsogelea Bwana Mbaraka, ambaye yeye Hamisi alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, akamwambia mbele yetu wote:

"Mbaraka mwanangu, sasa mtu asiye na mdomo atanunuaje?"

"Aende ng'ambo, mzee wangu. Kule vidole vinapendwa."

"Na akienda ng'ambo akafukuzwa?"

"Basi hiyo ni shida ya Ezekia."

Mzee Hamisi akarudi kwenye meza yake, akaanza kupangusa rula ya yadi ambayo ilikuwa safi tayari.

Siku yenyewe haikuwa ya soko. Mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri, na dukani tulikuwa wachache. Mzee Hamisi alikuwa amekwenda hospitali kwa ajili ya macho. Bwana Mbaraka alikuwa amekaa karibu na mlango na wageni wawili wa chama chake, wanakunywa kahawa. Akaingia bibi mmoja amejitanda kitenge, miguu imejaa matope mpaka magotini. Sikumfahamu. Nikamkaribia na kitambaa changu nimfute mikono.

"Ugonile, bibi," nikamsalimu.

Midomo yake ilicheza, lakini sauti haikutoka, ilitoka pumzi tu. Nikadhani ni mafua. Mvua ile nani hakuwa na mafua. Akanyooshea kidole bafta. Nikalishusha jora, nikalilaza mezani, nikamtazama mkono. Akainua vidole viwili.

Nikapima yadi mbili. Niliongeza upana wa kiganja, Mzee Hamisi alitufundisha kwamba kwenye bafta unaongeza kidogo. Nikatia mkasi pembeni, urefu wa ukucha. Nikauweka mkasi chini. Nilikuwa nimeshashika huku na huku.

"Wewe bibi!" Bwana Mbaraka alikuwa amesimama. "Kibao hukioni?"

Bibi akageuka. Nadhani alifikiri mwenye duka hajaona vizuri, kwa hiyo akainua mkono juu zaidi, vidole viwili vimenyooka kabisa, akavitikisa kidogo ili vionekane. Wageni waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Anatupigia kampeni humuhumu ndani!"

"Tusekile, rudisha jora."

"Bosi, nimeshatia mkasi."

"Nimesema rudisha."

Wanangu, kilichobaki kilikuwa kuvuta tu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kitambaa. Kingepasuka kabla hajamaliza kusema, na bafta iliyochanwa hairudi jorani, angepiga kelele, angenikata mshahara wa siku moja, basi. Lakini wageni walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga na kazi niliyoipenda, na nikajiambia bibi atavuka barabara, hatua kumi na tano tu. Nikalikunja jora nikalirudisha rafuni. Sikumwangalia usoni. Niliona mkono wake tu. Alivitazama vile vidole vyake viwili, mbele na nyuma, kama anatafuta uchafu. Kisha akauficha mkono ndani ya kitenge akatoka.

Nilimfuata kwa macho. Barabara yetu ni nyembamba, na Ezekia alikuwa mtu wa sauti. Bibi aliingia akanyooshea kidole bafta. Kisha akautoa mkono polepole akaonyesha kidole kimoja, akauficha. Akautoa tena, kidole kimoja, akauficha. Moja, na moja. Alikuwa amelifumbua fumbo letu yeye mwenyewe, palepale kwenye mvua, maskini, na akalipeleka kwenye duka ambalo halikulitaka.

"Kimoja!" Ezekia akapaza sauti ili tusikie ng'ambo. "Huyu ametumwa na Mbaraka! Bibi, hapa ni viwili. Inua viwili nikuhudumie."

Yule bibi akatikisa kichwa. Akamwonyesha vyake viwili? Hapana. Hakuthubutu tena. Vijana waliokuwa wamejikinga mvua barazani walikuwa wanacheka, na Ezekia anamwonyesha mwenyewe jinsi ya kuinua, kama anamfundisha mtoto. Alisimama kidogo akiwatazama, kisha akashuka barazani akaelekea njia ya kutokea mjini. Maduka ya vitambaa yalikuwa yale mawili.

Siku ya nne wifi yangu Subilaga, dada wa mume wangu aliyeolewa Nkunga, alipita dukani akiwa njiani kutoka sokoni. Hakusalimia. Aliegemea kaunta, akasema:

"Wifi, hivi ni kweli hapa kwenu bafta imekwisha?"

"Iko tele. Kwani vipi?"

"Bibi Atupele wa jirani yetu alikuja kununua akarudi mikono mitupu. Sauti hana, imekauka kwa kulia, lakini tulielewa kwamba amenyimwa. Tukasema labda imekwisha."

Nikamuuliza ni msiba wa nani.

"Mjukuu wake, Neema. Si yule mtoto aliyekuwa anakuja kwangu kuomba ndizi? Homa ya siku mbili tu. Baba yake yuko Chunya kwenye dhahabu, hapatikani. Tulimwambia bibi abaki na mtoto sisi twende mjini, akakataa kabisa. Kwa ishara, wifi. Anajipiga kifua, kwamba nguo ya mwisho ya mjukuu wake ataileta mwenyewe."

"Mkamzika na nini?"

Subilaga alitazama kando. Akaniambia nyumbani kwa bibi kulikuwa na nguo moja tu ambayo haijavaliwa. Kitenge alichogawiwa kwenye mkutano wa kampeni, kimekunjwa bado. Chama gani, hakuniambia na sikumuuliza, wote walikuwa wakigawa. Kilikuwa na uso wa mgombea, mkubwa, na meno yake yote. Mvua ilikuwa inazidi, kaburi linajaa maji, mchungaji anasubiri. Wakamzungushia mtoto kile.

"Uso ukaja hapa," akasema, akajigusa kifuani. "Tukasema tukigeuze ndani nje, usionekane. Tukakigeuza. Wifi, vile vitenge vimechapwa pande zote mbili. Ukigeuza bado yupo, anacheka."

Mimi nimeuza vitenge maisha yangu yote. Najua vilivyochapwa pande mbili na ughali wake, najua kuvisifia kwa wateja. Siku ile nilikwenda nyuma ya duka kwenye vikapu vya mkaa nikalia.

Niliporudi nilimwendea Bwana Mbaraka. Nilimweleza yote, mbele ya wateja, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alibadilika rangi, hilo nampa haki yake. Akakaa.

"Ningejua ni msiba," akasema.

"Ungejuaje? Sauti hakuwa nayo na vidole ulimkataza. Angekuambia kwa nini, kwa masikio?"

"Tusekile, usinipandishie sauti. Duka ni langu. Mtu hana haki ya kuwa na msimamo kwenye mali yake? Ezekia anao, hakuna anayemfokea. Ningekaa kimya wangesema Mbaraka mwoga."

"Msimamo wako ungekugharimu wewe ningeuheshimu. Huu umemgharimu mtoto wa miaka minne."

Akasema kibao kitabaki mpaka uchaguzi upite, kwa sababu akikitoa sasa wataona ameshindwa. Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Hata baada ya kusikia, alikuwa bado anahesabu nani atamwona.

Mzee Hamisi alisikia habari hiyo jioni. Kesho yake alikuja, akaweka rula ya yadi mezani, akamuaga kila mtu kwa jina, akaenda kukaa nyumbani kwake Bulyaga, na hakurudi tena. Watu walisema ni macho. Mimi nilibaki. Nimewaambia nimekasirika, basi jueni kwamba hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe. Nilibaki, nikasema nina mtoto, na kila mwezi nilipata sababu nyingine nzuri.

Ezekia je? Uchaguzi ulipita. Nani alishinda halinihusu. Mwezi haukwisha, lori likasimama katikati ya barabara, likaanza kushusha majora upande huu, na bila kusogea likashusha upande wa pili. Nikamuuliza dereva, akanishangaa. Akasema anawabebea wote wawili tangu zamani, wanashirikiana lori kutoka mpakani ili kupunguza gharama, hata wakati wa kampeni. Bafta yetu na bafta ya Ezekia ilitoka kiwanda kimoja, ikasafiri imelaliana kwenye lori moja, chini ya turubai moja. Barabarani haikuwa na chama. Ilipata chama ilipofika kwa mtu anayeihitaji. Kibao chetu kiligeuzwa kikawa ubao wa kupangia vifungo, maandishi yakaelekea chini, na miaka yote niliyofanya kazi pale, kila nilipochukua kifungo niliyajua yapo.

Kabla ya hapo lakini, wiki ileile ya habari, nililishusha lile jora. Ile alama ya mkasi ilikuwepo pembeni, urefu wa ukucha. Nikaweka pesa yangu kwenye droo, nikashika huku na huku, nikavuta. Jumapili nikaenda nayo Nkunga na Subilaga.

Bibi Atupele alikuwa amekaa jikoni. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, ya kukwaruza. Alinitambua mara moja. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeona nafuu. Yeye akanishika mkono, akasema Kiswahili chake kwa heshima ya mgeni wa mjini, ingawa nilimsalimia kwa lugha yetu.

"Ndaga, asante, mwanangu. Umekuja vizuli. Nilitaka nikuulize. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea, bibi."

"Hapana, nilikosea. Wale walicheka. Nimefikili sana, nikasema labda nilinyoosha mkono wa kushoto. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Ni wa kushoto?"

"Ulikuwa wa kulia, bibi. Ulikuwa mkono mzuri kabisa."

"Basi kwa nini walicheka?"

Ningemwambia nini? Kwamba kuna watu wamekubaliana vidole vyake si vyake? Nikamkunjulia bafta mapajani. Aliipapasa, akaangalia ilivyochanika, imenyooka. Kisha akaikunja vizuri akanirudishia.

"Mwenyewe ameshaondoka. Nimvalishe nani?" Akanishika mkono tena. "Sina neno na wewe, mwanangu. Ninachowaza ni ile sula ya yule mtu wa kwenye kitenge. Mtoto atakapofika kwa Kyala, kwa Mungu, ataulizwa, huyu uliyekuja naye ni nani? Atasemaje, wakati hamjui?"

Alikuja tena dukani kwetu, miezi baadaye, na mara nyingi baada ya hapo. Alikuwa ameshajifunza kusema "yadi mbili" kwa Kiswahili safi. Mikono alikuwa akiifungia ndani ya kitenge. Nilimwambia, bibi, kibao hakipo, nionyeshe tu kwa vidole kama zamani. Alitabasamu kwa adabu, na hakuitoa. Mpaka anafariki sikuviona tena vidole vyake.

Sasa, wasichana. Mwaka jana mlibishana nyuma ya kaunta kama duka letu liuze fulana za kampeni za upande mmoja, au za wote, au lisiuze kabisa, na mmoja wenu aliyesoma akasema siku hizi biashara isiyosema iko upande gani haina utu. Mliponiuliza nilisema nina kazi. Jibu langu ni hili. Rafu ni ya mwenye duka. Akitaka ajaze nyuso za watu anaowapenda, ajaze. Asipotaka, asijaze. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nimekataa kukata vitenge vyenye sura za watu, nikamwambia bosi atafute mwingine, nikisingizia kwamba ukipima yadi mbili lazima mkasi upite shingoni mwa mtu. Kukataa kitu naelewa. Lakini aliyesimama mbele yako si kitu. Ukianza kuchagua kaunta ihudumie mkono gani, umeirudisha foleni ya balozi tuliyoikimbia, tofauti ni kwamba safari hii hukulazimishwa na serikali, umejitakia. Na usiniambie ni msimamo mpaka nione umekulipisha wewe nini.

Zile yadi mbili ninazo. Nimezihifadhi kwenye sanduku na vipande vya mkaa, hazijapata ukungu. Nimemwambia Tusajigwe na wadogo zake, siku yangu ikifika zichanwe vipande, zichanwe, zisikatwe, wafungwe wafiwa wote, na atakayekuja akalia afungwe naye, bila kuulizwa ametoka wapi. Na kama kuna mtu mlangoni atauliza mama yenu amewaachia yadi ngapi, wasijibu kwa mdomo. Wamwonyeshe kwa mkono wa kulia, juu kabisa.